Giambi Kaondoka, Nani Acheze Namba Yake?

Mwaka 2001 timu ya besiboli ya Oakland Athletics, kule California, ilishinda mechi 102 kati ya 162 za msimu wa kawaida. Ikaingia hatua ya mtoano, ikaishinda New York Yankees mechi mbili za kwanza ugenini, ukabaki ushindi mmoja tu isonge mbele. Halafu ikapoteza mechi tatu mfululizo na safari ikaishia hapo. Hilo lingevumilika. Kilichouma zaidi kilikuja Desemba: mkataba wa mchezaji wao bora, Jason Giambi, ulikuwa umekwisha, na hao hao Yankees wakamsajili kwa miaka 7 na dola milioni 120.

Najua mnajiuliza besiboli inatuhusu nini sisi tunaogombania kiti cha kimbweta na foleni ya kantini. Mimi nasoma Takwimu mwaka wa tatu na sijawahi kushika gongo maishani (la kupigia mpira jamani, siyo lile lingine). Ila kisa cha Oakland nimekifuatilia kuliko kozi nyingine nilizolipia. Kuna kitabu cha Michael Lewis cha mwaka 2003 kinachoitwa Moneyball, na filamu yake ya 2011 ambayo Brad Pitt anaigiza kama Billy Beane, meneja mkuu wa timu ile. Wengi hosteli wameiona filamu wakabaki na "jamaa alitumia hesabu akashinda". Mimi nilichokaa nacho ni swali alilokuwa nalo Beane Desemba ile, kwa sababu swali hilo hilo lilibisha hodi nyumbani kwetu mwaka jana. Anayebeba mzigo akiondoka, unamziba vipi?

Tuanze na mchezo wenyewe, kidogo tu. Uwanja wa besiboli una vituo vinne vinavyoitwa besi. Mpigaji akiupiga mpira anakimbilia besi ya kwanza, na akizunguka zote akarudi alipoanzia timu inapata pointi. Kuna njia nyingine pia ya kufika besi ya kwanza: mrushaji akikosea shabaha mara nne na mpigaji akatulia bila kuparamia mipira hiyo mibovu, anapewa besi bure. Mlinzi wa besi ya kwanza ndiye anayedaka mipira ya kuwatoa wakimbiaji, na kwa kawaida namba hiyo hupewa mtu mwenye nguvu za kupiga. Hiyo ndiyo ilikuwa namba ya Giambi.

Na Giambi alikuwa mtu na nusu. Msimu wa 2001 aliupiga mpira ukavuka uzio mara 38. Kati ya mara zote alizosimama kupiga, alifika besi kwa asilimia 47.7, yaani karibu nusu. Mchezaji wa kawaida wa ligi anafika kama theluthi moja. Mwaka 2000 alichaguliwa mchezaji bora wa American League. Sasa mtu huyo huyo kaenda kwa matajiri, na pamoja naye kaondoka Johnny Damon, aliyesajiliwa na Boston, na Jason Isringhausen, mrushaji wa kumalizia mechi, aliyekwenda St. Louis.

Pesa za kushindana hazikuwepo. Bajeti ya mishahara ya Oakland mwaka 2002 ilikuwa kama dola milioni 40, ya Yankees ilizidi milioni 120. Chukua dola milioni 120 za Giambi ugawe kwa miaka 7, unapata milioni 17 na kitu kwa mwaka. Kwa Oakland hiyo ni zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za mishahara ya timu nzima, kwa mtu mmoja, na kikosi wakati ule kilikuwa na watu 25. Ni sawa na kumaliza karibu nusu ya boom kwa simu mpya, halafu uanze kutafuta hela ya kula.

Njia zilizokuwepo sokoni ni hizi. Ya kwanza, kununua staa mwingine wa namba hiyo hiyo. Alikuwepo Tino Martinez, mchezaji huru, ndiye Yankees waliyemwacha ili wampishe Giambi. Msimu wa 2001 alivusha mpira uzio mara 34, jina kubwa, ana mapete ya ubingwa. St. Louis walimchukua kwa miaka 3 na dola milioni 21. Njia ya pili ilikuwa kijana. Oakland walimpata Carlos Peña kutoka Texas kwa kubadilishana wachezaji Januari 2002, mtu aliyetabiriwa makubwa. Ya tatu ilikuwa kutumia aliyepo ndani, na ndani alikuwepo Jeremy Giambi, mdogo wake Jason, mzuri wa kufika besi ila mzito wa miguu. Ya nne ilikuwa kuokota mtu aliyeachwa.

Aliyeachwa alikuwa Scott Hatteberg. Jamaa alikuwa mdakaji wa Boston, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mshipa wa fahamu wa kiwiko cha mkono wake wa kulia uliharibika, akafanyiwa upasuaji, na kurusha mpira kukawa kazi. Mdakaji asiyeweza kurusha ni sawa na dereva asiyeona usiku. Boston wakamtoa kwa Colorado, na Colorado hawakumpa hata mkataba, wakamwacha awe huru Desemba 2001. Oakland wakampigia simu, wakampa mkataba wa mwaka mmoja kwa pesa isiyofika dola milioni moja, wakamwambia atacheza besi ya kwanza. Hakuwahi kucheza namba hiyo ligi kuu. Ron Washington, kocha wa walinzi wa ndani, akapewa kazi ya kumfundisha.

Kwa nini yeye? Hapa ndipo moyo wangu wa takwimu unapodunda. Mwaka 2001 Tino Martinez, pamoja na mipira yake 34 kuvuka uzio, alifika besi kwa asilimia 32.9. Hatteberg, na kiwiko chake kibovu, asilimia 33.2. Kwa kile Oakland walichokuwa wanakithamini, yaani kufika besi, mtu wa milioni 21 na mtu aliyeachwa walikuwa wanalingana. Tino alikuwa na nguvu zaidi, hilo halina ubishi, lakini Oakland wasingeweza kulipia nguvu.

Beane na msaidizi wake Paul DePodesta hawakuhangaika kutafuta Giambi mwingine, maana hayupo, na angekuwepo Yankees wangemnunua naye. Walichukua wapigaji watatu wa msimu wa 2001: Giambi asilimia 47.7, Damon 32.4, Olmedo Saenz 29.1. Jumlisha, gawa kwa tatu, unapata 36.4. Basi swali likawa dogo: tunapata wapi watu watatu ambao wastani wao unakaribia 36.4, kwa bei tunayoiweza? Wakamchukua Hatteberg, wakampandisha Jeremy, na wakamleta David Justice, mkongwe wa miaka 35, kwa kubadilishana wachezaji na New York Mets, huku Mets wakibeba sehemu ya mshahara wake.

Yanga walipomuuza Mayele kwenda Misri mwaka 2023, tulibishana humu hosteli msimu mzima kuhusu "Mayele mpya". Washambuliaji waliletwa, lakini mabao mengi ya msimu ule yalitoka kwa kiungo, Aziz Ki, 21 kwenye ligi, na ubingwa ukabaki Jangwani. Kazi iliendelea, ila ilihama namba. Nikahamia hapo hapo kuwaza ya kwetu.

Nyumbani kwetu ni Korogwe. Baba alifariki nikiwa kidato cha kwanza, na tangu hapo dada yangu mkubwa, muuguzi, ndiye aliyetubeba. Miaka minane. Mwaka jana aliolewa akahamia Mbeya na mumewe, na muda si mrefu akapata mimba. Kikaitwa kikao cha familia. Mjomba akafungua kwa kusema, "Pengo limeshatokea, sasa tuseme nani ataliziba." Kila mtu akaniangalia mimi. Mtoto wa kiume, msomi, anapata boom. Kama wewe ni mnufaika wa mkopo unajua boom inavyoyeyuka, lakini nyumbani wanaamini ni mshahara. Mjomba akaendelea taratibu, kwa upole kabisa: "Mjomba, kwani ukiahirisha mwaka mmoja ukatafuta kazi, chuo kitakimbia?"

Alikuwa anafanya kile ambacho timu nyingi hufanya: kaondoka mmoja mkubwa, atafutwe mmoja mkubwa. Na kwa kuwa hela ya kununua haipo, basi ananyofolewa kijana kutoka ndani. Niliogopa. Wenzangu watatu walioahirisha mwaka wa kwanza sijawaona tena hapa chuoni.

Sikubishana naye. Nilimwomba mama daftari la mdogo wangu, nikachora jedwali. Nikampigia dada nikamuuliza anatuma nini na nini kwa mwezi. Chakula na matumizi 90,000. Wadogo wawili wa shule, pamoja na nauli na chakula cha mchana, 70,000. Dawa za presha za mama na safari za kliniki 40,000. Umeme na maji 20,000. Dharura 20,000. Jumla 240,000. Kwenye kikao hakuna aliyekuwa anaijua namba hiyo, hata mama. Kila mtu alikuwa anasema "mzigo wa dada" kama mlima usiopimika.

Ukiwa na namba, mlima unakuwa ngazi. Kaka anayeendesha bodaboda akasema elfu mbili kwa siku anaiweza, siku sita za wiki, kama 50,000 kwa mwezi. Shangazi wa Muheza akasema mdogo wa mwisho akae kwake, maana shule iko karibu na chakula kipo. Hiyo ilipunguza gharama kwa 50,000 nyingine. Mimi nikasema nitafundisha tuisheni ya hesabu jioni mbili kwa wiki hapa karibu na chuo, nitume 60,000. Dada mwenyewe, kwenye simu, akasema dawa za mama hamnyang'anyi mtu, 40,000 ataendelea kuzituma. Ikabaki 40,000. Mama, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote tangu kikao kianze, akasema, "Genge langu linatoa hiyo. Mlikuwa hamjaniuliza." Mjomba akacheka, akafunga kikao kwa dua. Mimi nikarudi chuo.

Msinielewe kwamba hesabu ni dawa ya kila kitu. Turudi Oakland, tuone ilikuwaje.

Msimu wa 2002 ulianza vibaya. Mwezi Mei Jeremy Giambi aliuzwa Philadelphia, Peña akarudishwa timu ya chini, na Julai akapelekwa Detroit. Kwa hiyo kati ya njia zile nne, mbili ziliziba kabla msimu haujafika mwisho. Aliyebaki besi ya kwanza ni yule aliyeokotwa. Kuanzia katikati ya Agosti timu ikaanza kushinda bila kusimama, mechi baada ya mechi, mpaka 19. Ya 20 ilichezwa tarehe 4 Septemba dhidi ya Kansas City. Oakland waliongoza 11 kwa 0, wakaacha wageni wasawazishe 11 kwa 11. Hatteberg hakuanza siku hiyo. Aliingizwa mwishoni kupiga badala ya mwenzake, akaupeleka mpira nje ya uzio, 12 kwa 11. Mechi 20 mfululizo, rekodi ya American League kwa wakati ule. Hatteberg alimaliza msimu akiwa amefika besi kwa asilimia 37.4 na kuvusha uzio mara 15. Oakland walimaliza na ushindi 103, mmoja zaidi ya walipokuwa na Giambi, na idadi ile ile waliyopata Yankees wakiwa na Giambi.

Ila filamu inaacha jambo kubwa. Timu ile ilikuwa na warushaji watatu wa hatari, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, na Zito ndiye aliyepewa tuzo ya mrushaji bora wa American League mwaka ule. Miguel Tejada wa timu hiyo hiyo akawa mchezaji bora wa ligi. Hao wote walikuwa bado hawajatimiza miaka sita ya utumishi, na sheria inasema kabla ya miaka sita huwi mchezaji huru. Kwa maneno mengine, Oakland waliweza kumwacha Giambi aende kwa sababu kulikuwa na vijana wazuri ambao hawakuruhusiwa kuondoka. Hesabu ya Beane ilikuwa sahihi, lakini ilisimama juu ya mabega ya watu waliokuwa wakilipwa chini ya thamani yao. Hata nyumbani kwetu, nikiwa mkweli, zile 50,000 za kaka zinatoka kwenye mgongo na vumbi la barabara ya Korogwe. Jedwali linaonyesha namba tu, vumbi halionyeshi.

Halafu kuna mambo ambayo hayana safu kabisa. Dada alikuwa anampigia mama kila siku saa tatu usiku. Wadogo wakigombana, yeye ndiye alikuwa mwamuzi, na akisema limeisha linaisha. Tulipogawana shilingi zake, hakuna aliyegawiwa simu ya saa tatu. Mwezi wa kwanza mama alikuwa anakaa na simu mapajani saa hizo, alinisimulia mdogo wangu. Sasa tunapokezana, lakini mimi najijua, nikipiga mazungumzo yanaisha dakika mbili. Oakland nao, na wastani wao wote, walitolewa tena hatua ile ile ya kwanza ya mtoano mwaka 2002, safari hii na Minnesota, mechi tatu kwa mbili. Sidai kwamba Giambi angewavusha, maana Yankees waliokuwa naye walitolewa vile vile. Ninachosema ni kwamba hesabu iliziba walichoweza kukihesabu.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Giambi aliporudi Oakland na jezi ya Yankees mashabiki walimzomea. Huku kwetu maneno yalikuwa ya chini kwa chini: "Dada katutupa." Amepata mume kasahau alikotoka. Nimeyasikia kwa ndugu, na nimeyasikia humu chuoni kwa wenzangu wakiwasema kaka na dada zao waliopunguza kutuma.

Zamani mchezaji wa besiboli hakuwa na uhuru huo wa kuondoka. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoifanya timu immiliki maisha yake yote ya mchezo. Ilimuuza ikitaka, ilimbakiza ikitaka. Oktoba 1969 timu ya St. Louis ilimpeleka Curt Flood kwenda Philadelphia bila kumuuliza, baada ya kuwatumikia misimu 12. Flood, Mmarekani mweusi aliyekuwa analipwa vizuri kuliko wengi, alikataa, akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kuuzwa na kununuliwa, akafungua kesi. Hakucheza msimu wote wa 1970. Mwaka 1972 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilimwangusha kwa majaji watano dhidi ya watatu. Yeye hakufaidi kitu. Lakini chama cha wachezaji, chini ya Marvin Miller, hakikuachia, na Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru. Mwaka uliofuata ikakubalika: ukitumikia miaka sita, unaweza kuchagua.

Miaka sita. Dada alitutumikia minane. Kwa sheria ya besiboli alikuwa huru tangu zamani, akaongeza miwili bila mtu kumwomba, na tulichokuwa nacho mdomoni siku anaondoka ni neno "katutupa". Hakuna aliyesimama kwenye kikao akasema ahsante. Nimemwambia mjomba hivyo kwa simu, kwa heshima zote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, hilo ni kweli, lakini ungelisema wewe." Nikampigia dada jioni hiyo hiyo nikalisema.

Wewe unayesoma hapa huenda nyumbani kwenu kuna Giambi anayekulipia kodi ya chumba, na siku moja ataondoka, kwa ndoa, kwa kustaafu au kwa kuchoka tu. Siku hiyo usikubali kirahisi wakunyofoe wewe chuoni kuziba pengo zima. Omba daftari, uliza namba, muulize na mama. Na kabla hamjagawana mzigo wake, mshukuruni kwanza aliyeubeba.